Kofia ya Kuendeshea Baiskeli

Mnyambe,
8 Januari 2024

Shikamoo Mama Godfrey,

Hunijui. Naitwa Mwanne Mujibu. Mwalimu Selestini wa Chidya alikuja huku msibani amevaa pama yenye ukingo mpana iliyomkaa vizuri, nikamwuliza nani kaishona. Akanipa jina lako, akasema uko nyuma ya soko la Masasi, mlango wa bluu. Nakuandikia barua kwa sababu maandishi ya simu yananishinda. Nina ualbino, na macho yangu yanataka herufi kubwa na wino mweusi. Ukinijibu, tafadhali tumia kalamu nene.

Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii. Napita nyumba kwa nyumba, napima watoto, nafuatilia wajawazito, nawakumbusha watu dawa zao. Mwezi wa kumi nilipewa baiskeli, na tangu siku hiyo sina kofia.

Kwa hesabu ninazo tatu. Kapelo inakinga paji la uso, inaacha masikio na shingo. Helmeti iliyokuja na baiskeli ina matundu juu. Wiki ya kwanza jua lilipita humo likanichora mistari myekundu kichwani. Ya tatu ni pama ya mnadani, ambayo nikianza tu mteremko inaniaga.

Nataka kofia isiyoruka, isiyonifumba macho, na isiyoacha ngozi nje. Uzi mwekundu uliomo humu ndio mzunguko wa kichwa changu, kutoka fundo hadi fundo. Mzigo mpe Khalfan, kondakta wa gari la Newala. Bei utakayosema nitatuma.

Wako,
Mwanne Mujibu


Masasi,
16 Januari 2024

Mwanangu Mwanne,

Marahaba. Barua yako imenifurahisha maana unajua unachotaka. Wengi huingia kwangu wakasema "nishonee kofia nzuri", halafu nabaki mimi na kazi ya kujua nzuri ni ipi.

Nimeshona kofia miaka thelathini na moja. Nimewavisha wanakwaya, mgambo, mabwana harusi na mapadri wawili. Hii yako ni ya kaki nzito, ndani nimeweka pamba inywe jasho. Ukingo ni vidole vinne mbele na vitano nyuma, nimeuzungushia mishono saba usilegee. Chini ya ukingo nimeweka kitambaa cheusi. Mafundi wengi huweka cheupe kwa urembo, kumbe mwanga wa mchanga unagonga pale na kurudi machoni. Kwa macho yako, cheusi.

Kamba funga chini ya kidevu. Haitaruka, nakuhakikishia.

Veridiana (Mama Godfrey)


Mnyambe,
4 Februari 2024

Shikamoo Mama Godfrey,

Kofia imefika, na nikiwa nimesimama ni kofia bora kuliko zote nilizowahi kuvaa. Nikiipanda baiskeli mambo yanabadilika. Upepo unaingia chini ya ukingo wa mbele, kofia inainuka, kamba inanikaba koo. Nikiinama kupanda kilima, ukingo unashuka machoni. Juzi nimeona mbuzi amebaki hatua mbili, nikaenda kulala kwenye mihogo ya watu. Mwenye shamba akaniuliza, "Dada, unapima afya ya mihogo siku hizi?"

Usinichukie. Wewe ni fundi, nami nikikusifia uongo nitapata kofia ya uongo. Umemshonea mtu anayetembea. Anayeendesha baiskeli huinama, na upepo wake anautengeneza mwenyewe.

Nimekurudishia kofia pamoja na ile helmeti yenye matundu. Huenda ukaona kitu nisichokiona mimi.

Mwanne


Masasi,
12 Februari 2024

Mwanne,

Katika miaka thelathini na moja hakuna aliyewahi kunirudishia kofia. Wewe ni wa kwanza, na umeandika vizuri mpaka nimekosa pa kukukasirikia.

Helmeti nimeiona. Nitajua mwenyewe huo upepo unafanya nini. Nipe mwezi.

Veridiana


Masasi,
18 Machi 2024

Mwanne,

Nakutumia. Helmeti usiiache tena, kichwa ni kitu cha kuvunjika. Kofia nimeivalisha juu ya helmeti, imeshikwa na mpira kwa ndani. Mbele ukingo mfupi na mgumu, vidole viwili na nusu. Pembeni na nyuma kitambaa kirefu laini, kinafunika masikio na shingo. Matundu ya juu nimeyaziba na kitambaa chepesi. Pembeni, chini ya kivuli, nimeacha nafasi: upepo unaingia mbele, unatoka nyuma. Hauna cha kuinua.

Barua fupi, nina kazi nyingi.

Veridiana


Mnyambe,
2 Aprili 2024

Shikamoo Mama Godfrey,

Nimeshuka nayo mteremko wa kisimani bila kugusa breki. Haikusogea! Niliimba njia nzima. Watu wanasema nafanana na askari wa jangwani, nami nawaambia wasogee askari apite. Asante pia kwa kuzidi kukuza herufi. Safari hii nimeisoma barua bila hata kuisogeza puani.

Ila nikuulize jambo. Wazo ni lako, hilo naliona. Mishono je? Kwenye kofia ya kwanza mishono saba ilikwenda sambamba kama reli. Hii inapinda, inaruka, mahali pengine imepigwa mara mbili. Kama umechoshwa nami ukampa kazi mwanafunzi wako, niambie tu, sitaumia sana.

Halafu nina maombi mawili. Mvua za huku bado hazijakwisha, nahitaji kofia yake. Na upande wa kushoto wa hii, kitambaa kishuke zaidi na kibane sikio, ndani yake weka kitu laini. Kushoto tu.

Mwanne


Masasi,
10 Aprili 2024

Mwanne,

Sina mwanafunzi. Mkono ni wangu. Fundi naye ana siku zake.

Kofia ya mvua hii hapa. Usidhani itakukausha, mwendesha baiskeli hakauki. Kazi yake ni moja: maji yasiingie machoni. Kwa hiyo ni kapelo ndogo inayobana, ukingo wake mgumu na mfupi, unaivaa chini ya kofia ya koti. Ukigeuza kichwa, kofia ya koti inageuka nawe. Ukiikosa hiyo kapelo unageuka, koti linabaki, unaangalia kitambaa.

Kuhusu sikio, nimepima watu wengi, sijaona mwenye sikio moja linalohitaji zaidi ya jingine. Kwa nini kushoto tu?

Veridiana


Mnyambe,
29 Aprili 2024

Shikamoo Mama Godfrey,

Kofia ya mvua imefanya kazi kubwa kuliko tulivyodhani. Katika njia zangu yupo mama anaitwa Pili, mtoto wake Naima ana miaka minne na ana ualbino kama mimi. Pili ananisikiliza kuliko anavyomsikiliza mume wake. Wiki iliyopita mvua ilipiga tangu alfajiri, nikapigiwa simu kwamba Naima anachemka na ameanza kustuka. Nilikwenda. Barabara ilikuwa mto mwekundu lakini niliona kila shimo. Nilipofika Pili akasema, "Nilijua wengine wote watasubiri ikatike." Tukampeleka zahanati, ilikuwa malaria, sasa anakimbiza kuku.

Sikio la kushoto ndilo linalopata jua la jioni nikirudi nyumbani, ni hilo tu. Nakurudishia kofia ya jua uongeze kitambaa.

Mwanne


Masasi,
6 Mei 2024

Mwanangu Mwanne,

Nimefumua bitana ya upande wa kushoto ili niongeze kama ulivyotaka. Ndani nimekuta doa la ukubwa wa shilingi, njano pembeni, damu katikati. Si la siku moja. Limepauka, likarudi, likapauka tena. Umelifua na limekushinda. Na lina harufu ya dawa ya kupaka.

Sikuulizi kwanza. Naanza kusema langu.

Mwezi wa pili niliazima baiskeli ya jirani yangu Petro. Tangu nilipokuwa msichana sijapanda. Nilivaa ile kofia yako ya kwanza nikatoka njia ya Chidya, maana ulisema mtu hutengeneza upepo wake, nikataka niuone. Niliuona. Kofia iliinuka, nikaachia usukani niidake, nikaangukia mkono wa kulia. Nikiwa chini, kichwa kimegonga mchanga, ndipo nikaelewa kwamba kofia yako lazima ikae juu ya helmeti. Nilicheka pale pale. Baadaye mkono ukavimba.

Sikwenda hospitali. Nilijifunga kitenge. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mwenye wajukuu, aende kusema kaanguka baiskeli akijaribu kofia? Mishono uliyoilalamikia ni ya mkono wa kushoto. Herufi kubwa ulizonishukuru, hata hizo ni za mkono wa kushoto.

Kofia nakurudishia. Ukingo wa pembeni nimeupanua, jua halitafika. Kitambaa cha kubana sikio sikuweka wala sitaweka. Nikikiweka nitakuwa nakusaidia kuficha.

Kesho asubuhi naenda hospitali huu mkono ukapigwe picha. Sikusubiri wewe.

Veridiana


Mnyambe,
14 Mei 2024

Mama Godfrey,

Nilikuagiza kofia, sikukuagiza ushauri. Mimi ndiye ninayewaambia watu kidonda kisichopona wiki tatu kipelekwe hospitali. Maneno hayo nayasema kila nyumba. Hukuwa na haja ya kunifundisha.

Nimeiacha barua hapo siku mbili. Sasa naendelea.

Kidonda kina miezi minane. Kilianza kama gamba dogo juu ya sikio, nililikwangua nikidhani ni uchafu. Mama, siogopi kisu. Namwogopa Pili. Kila siku namwambia mvishe Naima kofia, mpake mafuta ya kuzuia jua, atakua, atazeeka. Na ushahidi wangu ni mimi mwenyewe, nipo, napanda baiskeli. Nikirudi kutoka hospitali nimekatwa sikio, atasema hata Mwanne aliyejifunika hivyo yamempata, basi kofia ni za nini? Na ataacha. Nimewaona walioacha.

Mkono wako unaendeleaje? Shikamoo, sikukuamkia huko juu.

Mwanne


Masasi,
22 Mei 2024

Mwanne,

Marahaba. Daktari amesema mfupa umeshajiunga vibaya. Ama wauvunje upya, ama niuache. Nimeuacha. Kiganja hakigeuki chote, sahani naishika kwa kushoto. Akaniuliza kwa nini sikuja mapema. Ningekwenda siku ile ile ningefungwa wiki sita, yakaisha.

Wewe bado una siku ile ile. Ni leo.

Pili mwambie kabla hujaondoka, usimwambie ukirudi. Mtu anayekusikiliza kuliko mumewe anastahili kusikia na hili. Ukimficha, ndipo atakapoacha.

Mikasi nimeshaizoea kwa kushoto. Kazi inaendelea, usinihurumie.

Veridiana


Mnyambe,
26 Juni 2024

Shikamoo Mama yangu,

Limekwisha. Wamenikata sehemu ya juu ya sikio, kama robo yake. Walipeleka kinyama kupima: ilikuwa saratani ya ngozi, na yote imetoka. Kingo za kile kinyama zilikuwa safi. Daktari alisema, "Ungengoja mwaka mmoja tungekuwa tunazungumza mengine." Nitarudi kila miezi mitatu kuangaliwa.

Nilimwambia Pili kabla sijaondoka, kama ulivyosema. Tulikaa jikoni kwake anapepeta mchele. Akauacha ungo.

"Kwa hiyo kofia hazisaidii," akasema.

Nikamwambia, "Nimekwenda shule miaka saba bila kofia, Pili. Nilikaa dawati la dirishani, jua upande huu. Hapa ndipo palipoungua. Sasa niangalie shingo." Nikamgeuzia kisogo. "Tangu niwe mtu mzima hii naifunika. Kuna nini hapo?"

Akaniangalia shingo muda mrefu, akaipitishia kidole kama anatafuta punje ya mchanga.

"Hamna kitu," akasema. Halafu akachukua uzi, akamwita Naima, akampima kichwa. Uzi ndio huo wa kijani. Anataka mbili, kwa sababu moja itakuwa inafuliwa.

Jingine ni la ukungu. Mwezi huu huku asubuhi huoni mti wa mkorosho ulio mbele yako, na baridi inakata. Watu wote wenye ualbino wanavua pama na kuvaa mizula ya sufu, maana jua hawalioni. Daktari amesema jua linapita kwenye ukungu, hata usipolihisi. Na mzula hauna ukingo, na ukilowa unakuwa sifongo. Unaweza kushona kitu chenye joto la mzula na kivuli cha pama? Tupo kumi na mmoja kata hii na vijiji vya jirani. Alhamisi ya kwanza ya Agosti nimewaita wote zahanati.

Mwanne


Masasi,
9 Julai 2024

Mwanangu,

Kinawezekana. Ndani nimetumia fulana ya pamba, juu nailoni nyembamba isiyonywa maji, masikio yanafunikwa, ukingo wa vidole vitatu unaokunjika ukiingia ndani. Nimejaribu kimoja kwa kukimbia kuzunguka soko, baiskeli nimeiacha. Watu wamezoea.

Lakini siwezi kupima vichwa kumi na kimoja kwa nyuzi. Naja. Khalfan amekubali cherehani ikae kiti cha nyuma. Mtanijua kwa huo mkono.

Veridiana


Masasi,
7 Agosti 2024

Mwanangu Mwanne,

Nimefika salama. Asante kwa ming'oko, mizizi yenu hiyo tumeichemsha jana ikaisha kwenye sufuria. Nilikuwa nimekutengeneza akilini mwangu mrefu na mpole. Kumbe ni mfupi na unapiga kelele. Ni vizuri zaidi.

Nakuandikia kwa sababu kuna kitu hukukiona, ulikuwa umempa mgongo.

Uliposimama pale kivulini ukavua kofia mbele ya watu wote, ukageuza sikio upande huu na upande ule, mimi nilikuwa mlangoni na cherehani, nyuma yako. Naima alikuwa mapajani mwangu amevaa kofia zote mbili. Ulisema, "Hili ndilo nililokuwa naficha, na hivi ndivyo linavyokuwa likiwahiwa." Watu walinyamaza. Wewe ukadhani wamekuchoka, ukaanza kuharakisha maneno. Hawakukuchoka.

Ukutani nyuma yako alikaa mzee mwenye shuka, yule uliyeniambia anaitwa Nikolao na kwamba miaka yote hajawahi kukufungulia mlango. Alikuwa amejifunika shavu la kulia, nikadhani ni baridi. Ulipovua kofia, alisimama. Polepole akalishusha shuka. Mwanne, nimeona kidonda. Alilishusha kwa sekunde chache, hakuna aliyegeuka isipokuwa mimi, akalirudisha.

Nilipompima kichwa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo hospitali aliyokwenda binti, gari linapita?" Nikamwambia linapita, na mimi nashuka nalo kesho. Akasema watu wasijue. Nikasema mimi ni fundi, nabeba mizigo ya watu.

Tumeshuka wote Ijumaa, Khalfan amempa kiti cha upande usio na jua. Jumatatu amelazwa, jana wamemkata. Ni kikubwa kuliko chako, wanasema atahitaji na mionzi huko Dar es Salaam, lakini hawakutikisa vichwa. Nimekaa naye leo mchana. Amenipa ruhusa nikuambie wewe tu, na amesema ukija kumwona uje na kelele zako.

Nilimwuliza anataka kofia gani, ya ukungu au ya kawaida ya kutembelea. Akafikiri, bandeji imemfunika nusu ya uso.

"Ya baiskeli," akasema.

Nikamwambia, "Mzee Nikolao, wewe baiskeli huna."

Akasema, "Nitanunua."

Mama Godfrey